Mahindi yaliondoka, picha zikahamia!

Najua nikitaja Bondeni, yaani Afrika Kusini, kila mtu kijiweni ana stori yake. Mmoja atakwambia randi, mwingine viatu vikali, mwingine binamu yake aliyezamia meli enzi hizo na hajapiga simu mpaka leo. Hayo yote yapo. Lakini safari hii nimekuja na stori ya ghala. Ndiyo, ghala la mahindi! Usikimbilie ukurasa wa michezo kwanza, maana ghala lenyewe limeniacha mdomo wazi, halafu likanipa maswali yanayotuhusu sisi wa Dar kuliko unavyofikiri.

Ghala hilo liko Cape Town, mji uliokaa chini ya Mlima wa Meza, ule mlima wenye kichwa bapa kama umepigwa randa na seremala. Una mita 1,086 kwenda juu, na popote unaposimama mjini unakuona tu. Upepo wa pale nao ni habari nyingine. Ukivaa kofia, ishike.

Nilikwenda kwa basi. Dar hadi Tunduma, ukavuka Zambia, ukakata Zimbabwe, ukapita daraja la Beitbridge juu ya mto Limpopo, ukafika Johannesburg, halafu unaanza upya kilomita nyingine kama 1,400 mpaka Cape Town. Miguu ilivimba kama maandazi. Wenye mapene hupanda ndege, sisi tunaolipwa kwa makala tunapanda basi na kuhesabu nguzo za umeme. Ila basi lina faida yake. Njia nzima dirishani unaona mahindi: Zambia mahindi, Zimbabwe mahindi, ukiingia jimbo la Free State mahindi mpaka macho yanachoka. Nilijiuliza, mahindi yote haya yalikuwa yanakwenda wapi? Jibu nililikuta mwisho wa safari, limesimama bandarini.

BANDARI YA MAMA NA MWANA

Eneo lenyewe linaitwa V&A Waterfront. Wengi hudhani ni Malkia Victoria na mumewe Albert. Siyo! Ni Victoria na mwanawe, Alfred. Huyu Alfred alifika Cape Town mwaka 1860, kijana wa miaka 16 tu, akamwaga mawe ya kwanza baharini kuanzisha ujenzi wa bandari. Ndiyo maana nikaiita bandari ya mama na mwana.

Kampuni ya kuliendeleza eneo hilo ilianzishwa mwaka 1988, na tangu hapo kidogokidogo majengo ya zamani ya bandari yamegeuka maduka, hoteli na migahawa ya kutanulia. Hapohapo ndipo unapopanda boti ya kwenda kisiwa cha Robben, alikofungwa Mzee Mandela. Watalii wamejaa kama siafu. Ukipita na kibegi chako cha mgongoni, unaweza kuuziwa kila kitu kuanzia aisikrimu hadi safari ya helikopta.

Katikati ya raha zote hizo umesimama mnara wa zege, mkavu, mita 57 kwenda juu. Ujenzi wake ulianza mwaka 1921 ukamalizika 1924, chini ya shirika la reli na bandari la huko. Na ulipomalizika ulihesabiwa kuwa jengo refu kuliko yote kusini mwa Sahara. Hebu fikiria, siyo benki wala ikulu. Ghala la mahindi!

Kazi yake ilikuwa hivi. Treni inaleta mahindi kutoka bara. Mitambo inayapandisha juu kabisa ya mnara, yanapimwa uzito na kupangwa madaraja, kisha yanamwagwa kwenye mapipa marefu ya zege yaliyo ubavuni. Meli ikifika, mahindi yanafunguliwa kwa chini, yanapita kwenye mikanda, yanaingia tumboni mwa meli, hao Ulaya. Mkulima wa bara hakuiona meli, na mlaji wa ng'ambo hakuliona shamba. Waliokutanishwa na ghala ni mahindi na pesa tu.

Mambo ya kusafirisha nafaka yakabadilika, na mwaka 2001 ghala likafungwa. Hapo wenye mali wakabaki na kazi. Utalifanyia nini jengo kama lile? Halina madirisha wala sakafu. Ndani ni mapipa 42 yaliyobanana, kila moja mita 33 kwenda juu na upana wa mita 5 na nusu. Chukua mirija ya soda 42, ifunge kwa raba bendi, isimamishe mezani. Basi, hilo ndilo ghala lenyewe. Utaishi wapi humo? Utatundika picha wapi?

PUNJE MOJA TU

Aliyepewa mtihani huo ni Thomas Heatherwick, msanifu wa Kiingereza, yuleyule aliyebuni kibuyu cha mwenge wa Olimpiki ya London mwaka 2012. Wengine wangeyang'oa mapipa yote, wakabakiza ukuta wa nje kama sura ya kuzugia, wakajenga ofisi ndani. Yeye alifanya kitu cha ajabu. Alichukua punje ya mahindi, moja tu, umbo lake likapimwa kwa mashine, likakuzwa mpaka likafikia urefu wa jengo la ghorofa kumi, mita 27. Kisha akasema: tukate umbo hilo katikati ya mapipa.

Kusema ni rahisi, kukata ndiyo kasheshe. Kuta za mapipa zina unene wa sentimita 17 tu. Ukianza kukata hovyo jengo zima linakuja chini na wewe humo ndani. Basi mafundi kwanza walimwaga zege jipya lenye nondo kwa ndani, unene wa sentimita 20, likawa kama fulana ya kuzuia ukuta usicheze. Ndipo wakaanza kulikata zege la zamani polepole kufuata umbo la punje. Mapipa ya pembeni yalitolewa kupisha vyumba vya kuonyeshea picha. Mengine yakaachwa yapitishe lifti na ngazi za kuzunguka.

Kazi ilimalizika na jumba likafunguliwa Septemba 2017. Linaitwa Zeitz MOCAA. Usiumize ulimi, tamka "Zaitsi Moka". Hilo Zeitz ni jina la Jochen Zeitz, Mjerumani aliyewahi kuwa bosi wa kampuni ya PUMA, hawa wa viatu vya michezo. Mkusanyiko wake wa sanaa za kisasa za Afrika ndio ulioanzishia jumba. Ghorofa tisa, mita za mraba 9,500, na kati ya hizo 6,000 ni za maonyesho, yaani karibu uwanja mzima wa mpira umejaa picha na sanamu. Kugeuza ghala kuligharimu randi milioni 500. Sehemu ya juu ya mnara, palipokuwa na mitambo, sasa ni hoteli ya vyumba 28. Madirisha yake ya vioo yamevimba kwa nje kama mito iliyojazwa upepo, usiku yanawaka kama taa ya mnara wa meli. Bei ya kulala humo niliiulizia kwa kujifurahisha tu. Tuache.

KAKA WA CHINI YA DARAJA

Sasa nikueleze kuhusu mwenyeji wangu. Jina silitaji, ana sababu zake. Ni kaka wa mtaani kwetu, alinitangulia miaka mingi, nikiwa mdogo alikuwa akinituma sigara dukani. Mwaka 2009 alizamia meli. Alikuwa anataka kwenda Ulaya, meli ikamshusha kusini. Akaingia kwenye maisha ambayo vijana wengi wa Kibongo wameyaishi pale Cape Town: kulala chini ya barabara ya juu iitwayo Nelson Mandela Boulevard, jirani kabisa na bandari, ukiangalia meli zinazoingia na kutoka, ukisubiri yako. Hizi si porojo za kijiweni. Mwandishi mmoja wa huko, Sean Christie, aliandika kitabu kizima kuhusu Watanzania hao, kikatoka mwaka 2016.

Kaka alikaa chini ya daraja miaka minne. Leo ni kinyozi, anakodi kiti kwenye saluni, ana mwanamke na mtoto wa kike wa miaka 7. Yule mtoto anaongea Kixhosa na mama yake, Kiingereza shuleni, na Kiswahili cha kugombezwa na baba: "njoo hapa", "acha hiyo", "nitakuchapa".

Nilipomwambia nataka kwenda kuliona ghala, alicheka.

"Dogo, lile? Mimi nalijua lile kabla halijapakwa uturi. Lilikuwa gofu, njiwa watupu. Baadaye nikawa napita pale kuomba kibarua wakati wanalikata."

"Ukapata?"

"Sikupata. Walitaka makaratasi."

"Na ndani umeshaingia?"

"Kufanya nini? Pale ni pa watasha."

Miaka yote hiyo, wasomaji wangu! Jumba linajiita la sanaa za Afrika, lipo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka pale alipolala kaka yangu, Mwafrika asiye na shaka, na hajawahi kukanyaga. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna mlinzi aliyemwambia rudi. Aliamua tu mwenyewe, kwa kuliangalia, kwamba halimhusu.

Nikamwambia tunakwenda wote. Nilikuwa nimesoma kwamba jumba lilipofunguliwa lilitangaza kuwa raia wa nchi yoyote ya Afrika anaingia bure Jumatano, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 7 mchana, akiwa na kitambulisho cha nchi yake. Mimi pasi yangu ninayo mfukoni, ina mihuri ya moto. Kaka akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wewe onyesha pasi yako. Mimi nitalipa kama mtalii. Anayelipa haulizwi katoka wapi."

Basi Jumatano hiyo tukaenda. Mimi mwenye siku tisa tu mjini nikaingia bure, na yeye mwenye miaka mingi pale akatoa hela ya kunyoa vichwa kadhaa. Dada wa kaunta alikuwa mcheshi, alitukaribisha vizuri, wala hakuuliza kitu zaidi. Lakini niliona kaka anavyosimama pale, mabega yameshuka, kama mtu aliyeitwa kituoni. Alipopewa tiketi aliikunja mara nne akaiweka kwenye pochi, pamoja na picha ya mwanawe.

TUMBONI MWA GHALA

Ukivuka mlango unasahau yote hayo kwa muda. Uwazi wa ile punje ya mahindi unakuwa juu yako, na kila upande unaona mapipa yaliyokatwa mshazari, kama mtu aliyekata mua kwa kisu kikali. Zege limeachwa utupu, halikupakwa rangi, unaziona kokoto ndani yake. Mwanga unatoka juu kabisa, maana vichwa vya mapipa vimefunikwa kwa vioo. Sauti nayo ina tabia zake humo. Ukikohoa, jengo linakujibu.

Walipofungua mwaka 2017, hapo katikati palining'inizwa kazi ya Nicholas Hlobo, Msauzi, kiumbe kikubwa kama joka lenye mbawa kilichotengenezwa kwa mpira wa matairi na utepe. Mpira wa matairi! Vitu tunavyotengenezea kandambili sisi.

Tukapanda lifti ya duara, kwa sababu inapita ndani ya pipa la duara. Kaka akashika ukuta kama yuko melini. Ghorofa baada ya ghorofa, vyumba vyeupe, picha kubwa kuliko mlango wa duka. Watu wa rangi zetu wakiwa ndani ya fremu, wamekaa, wamevaa, wanakutazama. Siyo picha za simba na Wamasai za kuwauzia watalii. Ni watu. Kina mama kama wa kwetu, vijana kama wa kwetu. Mbele ya picha moja ya mzee aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, kaka alisimama mpaka nikamwacha nikaenda chumba kingine nikarudi, yupo vilevile.

"Vipi kaka?"

"Huyu kakaa kama dingi wangu."

Hatukuongea zaidi ya hapo. Baba yake alifariki yeye akiwa huko huko, hakuzika.

Juu kuna bustani ya sanamu, na hapo unatembea juu ya vile vioo vya kufunikia mapipa. Vimechorwa alama za El Loko, msanii wa Togo aliyefariki mwaka 2016, kabla hajaliona jumba likifunguliwa. Unatembea juu ya herufi zake huku chini ya nyayo zako ni shimo la mita nyingi. Ukiwa na kizunguzungu, pita pembeni. Kutoka hapo unaiona bandari yote, meli, makreni, mlima. Kaka akanionyesha kwa kidole barabara ya juu inapopita.

"Pale. Nguzo ya tatu."

Tuliangalia kidogo, tukashuka.

NANI ANASHIKA FUNGUO?

Sasa tuongee kikubwa. Pesa za kugeuza lile ghala zilitoka kwa wamiliki wa V&A. Na wamiliki hao ni nani? Mwaka 2011 eneo lote liliuzwa kwa randi bilioni 9.7. Nusu ikachukuliwa na kampuni ya Growthpoint, nusu na mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali. Maana yake nesi na mwalimu wa Afrika Kusini, kupitia makato yao ya uzeeni, wana matofali yao pale. Sijui wangapi wanalijua hilo wakipita nje.

Maneno hayakukosekana jumba lilipofunguliwa. Watu walisema: mwenye picha Mzungu, mchora ramani Mzungu, mkurugenzi Mzungu, halafu mnaliita jumba la Afrika? Mkurugenzi huyo wa kwanza aliondoka mwaka 2018. Mwaka 2019 akaja mama mmoja kutoka Cameroon, Koyo Kouoh, mzaliwa wa Douala. Huyu mama ndiye aliyelipindua lile ghala kwa mara ya pili, na safari hii bila msumeno.

Mwaka 2020 corona ilifunga kila kitu, mnakumbuka. Jumba lilipofunguliwa tena halikuanza na mastaa. Liliwaambia wakazi wa Cape Town: leteni mlichotundika majumbani kwenu. Picha aliyochora marehemu babu, kitambaa alichofuma shangazi, mchoro wa mtoto, chochote mnachokiona ni sanaa. Zikaja kazi karibu 2,000, zikatundikwa kwenye kuta zilezile za kina fulani wakubwa. Maonyesho hayo yaliitwa kwa maneno yenye maana kwamba sanaa iko nyumbani. Fikiria mama wa mtaani anaingia kwenye jumba la randi milioni 500 na kuonyesha kidole: ile pale ni ya kwangu!

Kwangu mimi, siku hiyo ndipo ghala liligeuka kweli. Mwaka 1924 lilikuwa linameza mahindi ya watu wa bara na kuyapeleka kwa wengine. Kulijaza picha badala ya mahindi bado siyo kuligeuza, kama wanaoleta na wanaofaidi ni walewale wachache. Mama Kouoh alifariki Mei 2025, akiwa tayari ameteuliwa kusimamia maonyesho makubwa ya Venice ya mwaka 2026, Mwafrika mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo. Mungu amrehemu. Alichokifanya pale mtu yeyote mwenye godauni anaweza kukiiga, na hakihitaji Mwingereza.

NA SISI JE?

Maana magodauni tunayo! Pita Barabara ya Nyerere, ingia Chang'ombe, shuka Keko, zunguka Kurasini. Mabati yenye kutu, milango mikubwa ya kuteleza, maghala ya mashirika ambayo wazazi wetu walifanyia kazi na sisi tumekuta majina tu ukutani. Mengine yamekuwa makanisa, mengine kumbi za harusi na kitchen party, na hilo si baya, watu lazima waoane. Ila mchoraji, mcheza ngoma, kijana mwenye kikundi cha maigizo, anafanyia mazoezi wapi? Uani kwa shangazi, mpaka jirani aseme kelele.

Wapo waliothubutu jirani zetu. Nairobi kuna GoDown, jina linajieleza lenyewe. Walianza mwaka 2003 kwenye ghala kuukuu huko eneo la viwanda, wakakusanya wachoraji, wanamuziki na wacheza dansi mahali pamoja. Hapa Dar kuna Nafasi, pale Mikocheni kwenye viwanda vidogo, tangu mwaka 2008. Hao hawakusubiri nusu bilioni. Wachoraji wakapewa makontena ya meli kuwa vyumba vya kazi. Kontena! Kitu kilekile kilichokuja kuyanyang'anya kazi maghala ya zamani, sasa kimekuwa studio.

Kwa hiyo wewe mzee mwenye godauni lako unalosikia linanong'onezewa "eneo la burudani", sikiliza ushauri wa kijana asiye na digrii. Taa za rangi na meza za chuma ni rahisi. Kabla hujamwita fundi jiulize haya. Daladala inafika? Maana Cape Town kijana wa Khayelitsha yuko kama kilomita 30 kutoka pale bandarini, na nauli ya kwenda na kurudi inaweza kumzuia hata kama mlango ni bure. Bei ya kuingia analipia nini muuza genge? Na tangazo lako umelibandika wapi? Kama limebandikwa hotelini, watakuja wa hotelini. Na cha mwisho: kuna ukuta mmoja umewaachia watu wa mtaa huohuo walete cha kwao?

Hilo la tangazo nina ushahidi wake. Siku ile tunatoka, nilimtafsiria kaka maelezo niliyoyasoma kabla ya safari: jumba lilipofunguliwa lilitangaza kwamba watoto walio chini ya miaka 18 hawalipi kiingilio, siku yoyote. Akasimama palepale kwenye ngazi.

"Siku yoyote? Na kitambulisho?"

Nikamwambia mtoto wa shule, nani atamdai. Akatikisa kichwa. Mtoto ana miaka 7, amezaliwa na kukulia mji huo, na kila Jumapili wanapita pale nje kwenda kuangalia meli, kwa sababu ndiyo starehe ya bure anayoijua baba yake. Hakuna aliyewaficha. Habari haikufika tu chini ya daraja.

Jumamosi iliyofuata kaka alifunga kiti chake mapema na kuwapeleka wote wawili, mama na binti. Mimi nilikuwa nimeshapanda basi kurudi. Picha aliyonitumia inamwonyesha binti amelala chali sakafuni katikati ya ile punje, mikono ameitanua, anaangalia juu, na watalii wanampita pembeni. Chini kaka ameandika: "Anauliza mahindi yako wapi."

Ukipata mwanya wa kwenda Cape Town, beba pasi yako, ulizia kwanza siku za bure maana taratibu hubadilika, na vaa viatu vya kutembelea. Na wewe unayejua godauni lililolala mtaani kwenu, Dar, Tanga, Mwanza au popote, tuandikie: liko wapi, lilikuwa la nini, na mngelipata mngeanza na lipi. Barua nzuri nitazichapa hapahapa. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.